Kipaza Sauti Kikiwa Kimezimwa

Ilemela, Mwanza
Jumapili, 7 Februari 1982. Asubuhi mawingu mazito upande wa ziwa, upepo kidogo, mvua haijaanguka.

Mpendwa ndugu yangu Longino,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, goti la kulia limepungua uvimbe, sasa la kushoto ndilo limeanza. Renatha alijifungua mtoto wa kike tarehe 19 Januari, saa kumi na moja alfajiri, ameitwa Josepha kama bibi. Sabuni hakuna. Kiwandani Nyakato tuligawiwa miche miwili kila mfanyakazi, na mmoja nimempa Renatha kwa ajili ya nepi. Baba yupo. Anafungua redio, anasikiliza, anazima, anakaa. Unamjua.

Sasa jambo lililonifanya niandike.

Unamkumbuka Okwach, mtoto wa Mzee Odero aliyekuwa dereva na mwendesha mkanda katika gari la sinema la serikali, lile la Baba. Siku hizi ni fundi wa injini kwenye kivuko cha Kamanga. Mimi na yeye tumefahamiana miaka mitatu na tumekubaliana. Mwezi uliopita alileta barua ya posa kwa mkono wa mshenga, katekista Venant, kama inavyotakiwa. Baba alitazama jina la ukoo juu ya bahasha, akairudisha bila kuifungua. Katekista akamwambia, "Mzee Kahigwa, barua haiumi." Baba akajibu, "Karibu chai, Venant. Hiyo iweke mfukoni isije ikamwagikiwa."

Nilimwuliza sababu. Alisema maneno matano: "Odero ndiye aliyenitoa kwenye gari." Kisha akafungua redio.

Ninayoyajua mimi ni haya. Juni 1974 gari lilivuka kwenda upande wa Sengerema, likaonyesha ile sinema ya askari, Kikosi cha Daraja, katika kijiji kipya ambacho watu walikuwa ndiyo kwanza wamehamishiwa. Baba alikuwa kwenye kipaza sauti kama kawaida, akiwafasiria watu. Novemba akaitwa ofisini, akaambiwa ameikejeli kazi ya kuhamia vijijini, akaondolewa garini na kupelekwa bohari kuhesabu ndoo mpaka alipostaafu. Tangu hapo sijamsikia akichekesha mtu.

Mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Ilikuwa likizo yako, kidato cha kwanza, na ulikaa wiki tatu kwenye ngazi ya gari lile. Nina swali moja tu: uliona Mzee Odero akiandika, au akisema na mtu yeyote, habari za Baba?

Nina miaka ishirini na saba, Longino. Nijibu upesi.

Dada yako,
Leonsia


Mtwara
3 Machi 1982

Kwa Dada Leonsia,

Shikamoo dada. Barua yako ilichukua siku ishirini na moja kufika. Mimi ni mzima. Tunapima mashamba ya mikorosho, tunaamka mapema, tunafukuzwa na nyuki. Mpe hongera Renatha. Mwambie Mama goti alikande kwa maji ya chumvi.

Dada, ulipotaja Kikosi cha Daraja nilicheka peke yangu, mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama nina homa. Ikabidi nimsimulie yote. Unakumbuka Baba alivyokuwa anafungua? "Mabibi na mabwana, wazee kwa vijana, na nyinyi mlioko nyuma ya shuka, msinung'unike, kwenu nyinyi askari wote wanapiga saluti kwa mkono wa kushoto, lakini vita ni ileile!" Waliokaa upande wa pili wa shuka la picha, wanaoiona kinyume, ndio walikuwa wa kwanza kucheka.

Halafu Sajini Tumbo anatoka hemani. Mkanda wa suruali haufiki, anaufunga kwa kamba ya hema, na hema linaanguka. Jina lake la kweli sijui. Majina ya wachezaji yalipita mwanzoni kwa Kiingereza, mbiombio, Baba akawapa ya kwake. Yule mwembamba, kofia ya chuma imemfika puani, ni Ngosha. Mpishi ni Luhaga. Kanali mwenye mbwa alikuwa Kanali tu, kwa sababu Baba alisema mtu kama yule hata jina amesahau. Mpaka leo nadhani kule ng'ambo wapo wazee wanaoamini kwamba Ngosha ni Msukuma kweli aliyechukuliwa jeshini.

Nampenda Ngosha kuliko wote. Alivyopiga saluti mbele ya koti lililoanikwa! Na Luhaga asiyetabasamu, anayepika uji mzito hadi wanazibia tundu la mtumbwi. Na pale mbwa wa Kanali anapotumbukia kwenye supu, Luhaga anamkoroga kidogo kabla ya kugundua. Nimeandika hapa nikicheka tena.

Kuhusu lile jambo la Mzee Odero, mimi nilikuwa mtoto, dada. Mtoto haoni mengi. Labda uvute subira, Baba atalegea mwenyewe.

Wasalimie wote.
Mdogo wako,
Longino


Ilemela
Jumapili, 28 Machi 1982. Mvua kubwa tangu saa kumi na mbili, maji yanashuka kwenye mawe nyuma ya nyumba kama mtu anamwaga debe.

Ndugu Longino,

Marahaba. Nashukuru kwa salamu. Mama amejaribu maji ya chumvi, anasema ni afadhali maumivu. Mtoto anaongezeka uzito. Sukari ilikuja Jumanne, nilipanga foleni kwa muda wa saa tano, ikaisha wakiwa wamebaki watu wanne mbele yangu.

Umeniandikia kurasa mbili za sinema na mistari mitatu ya jibu. Sasa, kwa kuwa umetaka sinema, nimefungua shajara yangu. Mimi niliiona Kikosi cha Daraja Jumamosi, tarehe 4 Mei 1974, uwanja wa shule hapa Ilemela, na niliandika usiku uleule. Mbwa hakutumbukia kwenye supu. Iliyotumbukia ni miwani ya jicho moja ya Kanali, na Luhaga aliipakua kwenye sahani ya Kanali mwenyewe. Mbwa alipewa cheo cha koplo, hiyo ni baadaye. Na koti lililopigiwa saluti lilikuwa la Sajini, ndiyo maana Sajini akaitikia kutoka bafuni. Kama umesahau hayo, sawa. Lakini usiniambie mtoto haoni mengi, katika barua ambayo umekumbuka mpaka kamba ya hema.

Barua ya posa imerudishwa mara ya pili, tarehe 14 Machi. Katekista anasema mara ya tatu hatakuja; magoti yake na ya Mama yanafanana.

Siku ile niliweka chakula mezani, nikakaa mbele ya Baba, nikakataa kuondoka. Nikamwambia, "Baba, watu mia nne walikusikia kwenye vipaza sauti. Kwa nini awe Odero?"

Akamega ndizi, akaiacha. "Ya kwenye kipaza sauti ningekubali mwenyewe. Hayo walisikia wote. Lakini ofisini walinisomea kwenye karatasi, neno kwa neno, na moja kati ya yale maneno nililisema kipaza sauti kikiwa kimezimwa."

"Neno gani?"

"Limeshapita."

"Na garini mlikuwa nani?"

"Mimi na Odero."

"Tu?"

"Na Longino. Lakini yule alikuwa mtoto."

Kwa hiyo mlikuwa watatu. Baba hakujisema. Nakuuliza tena: ulilisikia neno lile? Baada ya kulisikia, Odero alifanya nini? Usinitajie Ngosha.

Leonsia


Mtwara
2 Mei 1982

Dada Leonsia,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa porini, na karatasi zilikwisha. Hii nimeikata kwenye daftari la vipimo, ndiyo maana ina mistari ya miraba.

Sina habari nyingi. Nataka nikusimulie jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka 1979, nilipokuwa Dar es Salaam kwenye mafunzo, niliona tangazo la sinema ya askari, picha yake Sajini Tumbo na hema limemwangukia. Niliruka foleni. Nilikaa mbele kabisa.

Dada, ilikuwa kwa Kiingereza chao wenyewe, hakuna mtu wa kufasiri. Kiingereza changu unakijua, kinatosha. Sajini Tumbo anaongea kidogo tu, na analalamika habari za mke wake. Ngosha ni mtoto wa tajiri. Na Luhaga hasemi neno hata moja. Sinema nzima! Yale yote ya Luhaga, "chumvi ni ya maofisa, nyinyi mtalia machozi yenu humohumo," na mashairi aliyoimbia sufuria, na ugomvi wake na moshi, yote yalikuwa ya Baba. Mpishi alisimama tu akikoroga, midomo imefungwa, na mimi nilikuwa nasikia sauti ya Baba. Watu ukumbini walicheka mahali pengine kabisa. Nilitoka kabla ya mwisho.

Wale wachezaji walikuwa hodari, sikatai. Yule mwembamba anajua kuanguka. Lakini tuliyempenda sisi hakuwa kwenye ile shuka.

Kuhusu swali lako. Jenereta lilikuwa linapiga kelele sana. Inawezekana mtu alisimama nje ya gari akasikia. Wapo watu wanaopenda kusimama karibu na magari.

Mzee Odero bado anayo ile filimbi yake?

Longino


Ilemela
Jumapili, 30 Mei 1982. Asubuhi ukungu, baadaye jua kali. Mvua zimekwisha.

Longino,

Wote wazima. Renatha anakusalimu.

Nilisoma habari za Luhaga, na sikatai kwamba zilinigusa. Nilizisoma mara mbili. Mara ya pili niligundua kwamba umeniambia kila kitu kilichotokea Dar es Salaam na hujaniambia chochote kilichotokea garini.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilivuka kwenda Kamanga peke yangu. Okwach alikuwa zamu, aliniona nikipanda kivuko, akauliza kwa macho, nikamwashiria aendelee na injini yake. Nilimkuta Mzee Odero nyuma ya nyumba, anatengeneza banda la kuku. Filimbi anayo, iko shingoni. Maji ya kuku ameyaweka kwenye kopo bapa la mkanda wa sinema.

"Nyathina," alisema, ndivyo wanavyomwita mtoto kwao, "karibu. Baba yako bado anakula pilipili kama karanga?"

"Bado. Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Bado hanitaki?"

"Ndiyo nilichofuata. Mzee, naomba unijibu bila kuzunguka. Ulimsema Baba?"

"La."

"Aliyemsema unamjua?"

Alichukua msumari, akautia mdomoni, akautoa. "Waliniita na mimi. Wakaniuliza kama alisema lile neno. Nikasema sikusikia, jenereta lilikuwa linanguruma. Wakacheka, wakasema, basi soma mwenyewe. Wakanipa karatasi."

"Ilikuwa imepigwa mashine?"

"Ya mkono. Wino wa bluu."

"Mwandiko wa nani?"

"Nyathina, mimi nimenyamaza miaka minane. Baba yako akipita upande mmoja wa soko, mimi napita mwingine. Nikisema leo, nitakuwa nimenyamaza bure."

"Lakini anadhani ni wewe!"

"Najua anachodhani."

"Na mimi na Okwach je?"

Mzee Odero akaenda kuwatazama kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nilirudi kwa kivuko cha saa tisa nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilipita kituo changu cha basi. Hapa kila mtu anamlinda mwenzake kwa kunyamaza, na anayelipia kunyamaza kwenu wote ni mimi.

Nyumbani nilitoa shajara ya 1974 na kuisoma siku moja baada ya nyingine, kuanzia Juni. Nanakili hapa bila kubadilisha:

"Jumamosi, 12 Oktoba. Jua, upepo wa ziwa. Siku ya wazazi shuleni kwa Longino. Mama na mimi tulikwenda, Baba yuko safari. Insha ya Longino imepata 18 kati ya 20 na imebandikwa ukutani, ya kwanza mlangoni. Jina lake: Kazi ya Baba Yangu. Wageni wengi wameizunguka na wanacheka. Nilisoma aya ya kwanza, kengele ya chakula ikalia. Wali na nyama. Nililala saa nne na dakika kumi."

Baba aliitwa ofisini tarehe 5 Novemba.

Nilisimama mbele ya karatasi ile, Longino. Wino wa bluu. Kengele ikalia, nikaenda kula wali.

Sitaki kukisia. Natia humu karatasi mbili safi na bahasha yenye stempu, usije ukaniambia tena habari za daftari la miraba. Insha ile ilikuwa na nini kuanzia aya ya pili?

Leonsia


Mtwara
20 Juni 1982

Dada,

Shikamoo.

Ilikuwa na neno lenyewe.

Nitakuandikia lilivyokuwa, halafu sitaliandika tena. Ilikuwa pale Kanali anapoamuru kambi ihamie ng'ambo ya mto, halafu irudi, halafu ihame tena, kwa sababu ramani ameishika kichwa chini. Watu wa kijiji kile walikuwa wamenyamaza tangu mwanzo, walikuja na uchovu wao. Baba akasema kwenye kipaza sauti, kwa adabu kabisa, "Kanali anasema hameni, huko kuna maji." Hakuongeza kitu. Mzee mmoja gizani akasema kwa sauti, "Hata sisi tuliambiwa!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, dada. Walicheka mpaka Mzee Odero akasimamisha mkanda.

Ndipo Baba akazima kipaza sauti, akamgeukia Odero, akasema, "Huyu Kanali wangempa wilaya. Angehamisha watu mara mbili kwa wiki, na yeye mwenyewe hajui choo kiko wapi." Mzee Odero alicheka mpaka filimbi aliyokuwa nayo mdomoni ikawa inalia yenyewe. Nami nililala pale kwenye ngazi nimefumba macho, nikajiona mtu mwenye bahati kuliko wote uwanjani. Wao walimjua Baba wa kwenye kipaza sauti. Mimi niliyasikia aliyoyasema kikizimwa, na yalikuwa yanachekesha zaidi.

Mwalimu alipotoa insha ya kazi ya mzazi, wenzangu waliandika, baba yangu ni mkulima, anaamka mapema. Nilitaka wajue. Niliandika yote, na kijiji, na tarehe, na neno la mwisho nililiweka kwenye alama za nukuu, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa hizo wiki ileile. Mwalimu aliisoma insha mbele ya darasa. Siku ya wazazi mgeni mmoja mwenye kalamu mfukoni aliniomba aichukue akaisome nyumbani. Alinishika bega. Nilimpa kwa mikono miwili.

Nilikuja kujua Desemba, likizo. Baba alikuwa anamwambia Mama jikoni: waliyasoma hata yale ya kipaza sauti kilichozimwa, ni Odero, hakuna mwingine. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Ningeweza kuitua na kusema. Nikaipeleka mtungini. Kesho yake ikawa vigumu zaidi, na keshokutwa zaidi.

Kila ulipouliza nilikuandikia sinema kwa sababu ndiyo pekee ninayoweza kuitazama bila kufika mwisho.

Karatasi ya pili nimemwandikia Baba. Iko humuhumu, nimeikunja mara nne. Usimsomee. Mpe mkononi.

Longino


Ilemela
Jumapili, 18 Julai 1982. Asubuhi baridi na upepo mkavu, ziwa jeupe kwa mawimbi.

Longino,

Mama hajambo, magoti yote mawili. Mtoto amejifunza kugeuka. Sabuni imekuja.

Karatasi yako nilimpa Baba mkononi Jumatatu, tarehe 5, saa kumi na moja jioni. Alikwenda nayo dirishani, akavaa miwani, akaisoma. Akarudi mwanzo, akaisoma tena. Nilisimama pale na kitambaa cha vyombo kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Mwishowe akavua miwani.

"Alipata ngapi?"

"Kumi na nane, Baba. Kati ya ishirini."

Akafikiri. "Mbili walimnyima za nini?"

Basi! Miaka minane, barua ya posa iliyorudishwa mara mbili, safari ya Kamanga, na hilo ndilo aliloona la kuuliza. Nilitoka nje nikafua shuka ambazo zilikuwa safi.

Siku nne hakuigusa redio. Siku ya tano, wakati natoka kwenda kazini, akaniambia bila kunitazama, "Yule fundi wako, mwambie Jumamosi ya wiki ijayo aje na baba yake." Nikamwuliza kama nimwambie Mzee Odero sababu. Akasema, "Mwambie kuna chai."

Walikuja jana. Mzee Odero alivaa koti, filimbi ameiacha nyumbani, nadhani kwa heshima. Okwach alikuwa amesugua mikono mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Katekista Venant naye alikuja na bahasha ileile, pembe zimechakaa. Baba alisimama mlangoni. Nilikuwa nimemwandalia maneno kichwani, mazuri, ya kutosha. Hakutumia hata moja.

"Odero."

"Kahigwa."

"Umekonda."

"Wewe umenenepa. Ndoo zinanenepesha?"

Baba akaenda kwenye kiti chake cha karibu na redio, kile ambacho hata Mama hakikalii, akakigeuza kuelekea mezani, akamwonyesha Odero akae. Yeye akachukua kigoda. Mama alinishika mkono jikoni nisiseme kitu.

Halafu unadhani walizungumza nini? Walianza na mkanda wa tatu! Baba anasema usiku ule Odero aliuweka mkanda wa nne kabla ya wa tatu, ndiyo maana Ngosha alipewa nishani kabla ya vita. Odero anasema hilo lilikuwa Geita, si pale. Baba anasema Geita ni pale jenereta lilipozimika, na yeye akaendelea kusimulia gizani nusu saa bila picha, na hakuna aliyeondoka. Odero anasema waliondoka wawili. "Walikwenda kukojoa," Baba akasema, "wakarudi!" Mama akapiga makofi: "Miaka minane, na mnaanzia kwenye mkanda wa tatu!"

Sijamsikia Baba akisema maneno mengi namna ile tangu niwe mtu mzima. Nilifurahi, kisha nikaanza kutazama saa. Saa nane. Saa tisa. Bahasha iko mezani chini ya chupa ya chai, imepata duara la maji. Nilikohoa. Mama akaniletea maji. Okwach alikuwa ananitazama kama mtu ambaye kivuko kinaondoka bila yeye. Katekista alisinzia.

Saa tisa na nusu Mzee Odero akachukua kijiko cha chai, akakipangusa kwa shati, akamnyooshea Baba. "Kimewashwa," akasema.

Baba alikitazama kile kijiko muda mrefu, mpaka nikadhani atakirudisha kama alivyorudisha barua. Kisha akakishika, akakisogeza mdomoni, akakohoa vilevile alivyokuwa anakohoa. Akaichana bahasha.

"Mabibi na mabwana, wazee kwa vijana, na nyinyi mlioko nyuma ya shuka!" Katekista aliruka. "Hapa tunamwona Sajini Tumbo, siku hizi amekonda, ana mtoto mmoja fundi. Mtoto anaomba mke. Anasema ana kazi, ana afya, ana mikono safi leo tu..." Barua ilikuwa na mistari sita ya heshima, naijua, nilimsaidia Okwach kuiandika. Baba aliisoma robo saa. Hakuna mstari hata mmoja aliousoma kama ulivyo. Okwach alicheka hadi akainamisha kichwa mezani. Mama alilia kwa kucheka, akasema goti, goti langu.

Katikati ya hayo Baba akasimama. Akakifunika kijiko kwa kiganja, chote, kama anavyozima. Akamwinamia Mzee Odero sikioni, akasema kitu. Hakikuwa kirefu.

Mzee Odero hakucheka. Alitikisa kichwa kukubali, akatoa kitambaa, akajipangusa uso wote kama mtu aliyetoka juani. Kisha Baba akafungua kiganja, akasema kwa sauti ya uwanja mzima, "Barua imefika! Jibu litakuja kwa maandishi, kama inavyotakiwa." Kwa hiyo bado nangoja. Hata hivyo amenituma nikamnunulie karatasi, na amesema iwe nzuri.

Sikumwuliza alisema nini, wala sikumwuliza Mzee Odero. Katika shajara, mahali pale nimeacha mstari mmoja mtupu. Ungekuwepo, ungekuwa umeketi kwenye ngazi umefumba macho, na ungesikia. Na mimi ningekuja kukufunika masikio.

Sijakusamehe bado, nataka ujue. Ulimwacha mzee wa watu apite upande mwingine wa soko miaka minane, na mimi ukanizungusha miezi mitano na Ngosha na supu. Nitakusamehe, lakini kwa wakati wangu. Kuhusu Baba, hajasema. Amesema tu kwamba ukija Krismasi uje na karatasi na kalamu, umwandikie insha ile upya kwa kichwa, yote, aone mwenyewe zile alama mbili zilikwenda wapi.

Mstari huu nauongeza Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda posta. Mbingu safi, upepo umetulia. Jana usiku Baba alikuwa bado anaongea peke yake sebuleni, sauti ya Luhaga, anagombana na moshi. Nilimsikiliza kitandani. Nililala saa tatu kasoro dakika tano.

Dada yako,
Leonsia